Ratiba ya Mapumziko

Daktari alimpima mume wangu presha mkono wa kulia, akampima na wa kushoto, akaguna, kisha akamwambia neno ambalo si salama kumwambia afisa manunuzi: "Nenda ukapumzike." Hakumwandikia apumzike wapi, kwa muda gani, wala kwa utaratibu upi. Na mume wangu, tangu nimfahamu, hajawahi kuona nafasi iliyo wazi akaiacha bila kuitengenezea fomu.

Jioni ileile mchakato ukaanza. Alitafuta bei tatu, maana mtu aliyezoea kununua kwa fedha za umma hawezi kununua hata nyanya kwenye genge la kwanza. Bei moja ilitoka Bagamoyo, nyingine Lushoto, nyingine Unguja. Mwenyekiti wa kamati ya tathmini alikuwa yeye, katibu alikuwa yeye, na mimi nilialikwa kama mwangalizi. Bagamoyo ilienguliwa kwa kuwa iko karibu mno na Dar es Salaam. Ndugu zake wangetufuata na sufuria. Lushoto ilienguliwa kwa ajili ya baridi na magoti ya mama yake. Ikabaki Unguja: nyumba ya vyumba vitatu pembeni mwa msitu wa Jozani, upande mmoja miti mikubwa, upande wa pili mikoko ya Pete inayoingiliwa na maji ya bahari, na bei imekatwa nusu kwa sababu tungekwenda Aprili.

"Aprili ni masika," nilimkumbusha.

"Msitu wa mvua bila mvua si utakuwa shamba tu?"

Wenye kuujua Jozani wangemsahihisha hapo. Wao wanauita msitu wa maji ya chini ya ardhi: umekaa bondeni, maji yako karibu na uso wa ardhi, na masika ikikolea yanapanda yakasimama kati ya miti. Yaani pale mvua inakufikia kutoka juu na kutoka chini. Lakini mwangalizi hana kura, kwa hiyo nilinyamaza nikaenda kutafuta mwavuli.

Siku iliyofuata ratiba ilikuwa imechapwa na kubandikwa kwenye mlango wa friji. Ilikuwa na safu nne: muda, shughuli, mhusika, maoni. "Saa 12:00 hadi 12:30 asubuhi: kuamka bila haraka." "Saa 4:00 hadi 6:00: kuogelea baharini (wote)." "Saa 8:00 hadi 9:00: ukimya." Kwenye safu ya mhusika, kuanzia kifungua kinywa hadi vyombo vya usiku, palikuwa na jina moja tu, na sikuhitaji miwani kulisoma kwa kuwa ni langu. Nikauliza mimi nitapumzika lini. Akashusha kidole kwenye karatasi taratibu, akanionyesha: saa 8:00 hadi 9:00.

Mama mkwe wangu alikuwa kwetu wakati huo, amekuja kutoka Tabora kuhudhuria kliniki ya macho. Huyu mama haachwi peke yake nyumbani. Si kwamba hajiwezi. Anajiweza kupita kiasi. Tuliwahi kumwacha tukaenda msibani, tukarudi tukakuta amebadilisha fundi bomba, amepatana na jirani ambaye sisi tulikuwa hatuzungumzi naye, na amemtafutia dada wa kazi mchumba. Mjukuu wake wa kiume, aliye darasa la pili, humwita "mume wangu", kama ilivyo haki ya kila bibi. Kwa hiyo nyumba yetu ina wanaume wawili wanaoitwa hivyo, na anayesikilizwa ni yule mdogo.

Mzigo wake wa safari ulikuwa ndoo ya rangi ya lita 20, imefunikwa na kufungwa kamba. Bandarini kijana wa ukaguzi akaifungua. Juu kulikuwa na chupa ya asali ya kwao, ile nyeusi ya miombo. Chini ya asali, jiko dogo. Chini na pembeni mwa jiko, mkaa, umepangwa pande kwa pande kwa uangalifu mkubwa.

"Bibi, Unguja mkaa upo."

"Najua upo. Siujui ulivyochomwa."

Kijana akamtazama mume wangu. Mume wangu akatazama meli. Ndoo ikafungwa tena, ikapita.

Boti za kasi huvuka kutoka Dar hadi bandari ya Malindi kwa muda unaokaribia saa mbili, na ratiba yetu iliutengea muda huo shughuli ya "kufurahia upepo wa bahari". Tulipoviacha nyuma visiwa vya Bongoyo na Mbudya, maji yakaanza kupanda na kushuka, na vijana wa boti wakapita viti kwa viti wakigawa mifuko, kwa upole wa watu wanaojua kinachofuata. Mume wangu aliutumia wake. Kisha akautumia wa mwanawe. Binti yetu mkubwa, wa kidato cha tatu, alikuwa akimrekodi baba yake kwenye simu mpaka ghafla akaacha kurekodi, akaomba mfuko. Mimi nilifumba macho nikawa nawataja watakatifu ninaowakumbuka, kisha nikaanza kuwarudia. Bibi, ambaye hakuwahi kupanda chombo chochote cha majini maishani mwake, alikaa wima akimenya karanga. Akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, akatazama abiria walivyoinama, halafu akaniuliza kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Mkwe, hawa wote wana mimba?"

Kutoka mjini kwenda Jozani barabara ni nzuri, na njiani mvua ilitupa nafasi ya kujifuta. Karibu na msitu kuna matuta, yamewekwa ili magari yasiwagonge kima. Dereva wetu alikwenda mbio safari nzima, lakini pale akapunguza mwendo mpaka nikadhani gari limezimika. "Hao ndio wanaotuletea wageni," akasema. "Polisi hajawahi kuniletea mgeni."

Mlinzi wa nyumba alikuwa mzee wa makamo ya Bibi, mrefu, mtulivu, mwenye salamu ndefu za pwani. Alituuliza hali, akatuuliza safari, akatuuliza bara wazima, akatuuliza wazee, na wakati anauliza mvua kubwa ikaanza, naye hakuruka hata salamu moja. Tulipoingia ndani tulikuwa tumelowa na tumejuliwa hali zetu zote.

Usiku huo umeme ukakatika. Mume wangu akauliza kwa kawaida huwa unarudi saa ngapi, apate kurekebisha muda wa chakula.

"Utarudi, bwana," Mzee akamtuliza. "Ule wa mwaka 2009 ulikatika Desemba, ukarudi Machi."

Hakuwa anatia chumvi. Umeme wa Unguja hutoka bara kupitia waya uliolazwa chini ya bahari, na mwaka ule ilipotokea hitilafu kisiwa kizima kilikaa karibu miezi mitatu bila taa. Lakini kuna habari za kweli ambazo hazifai kumwambia mwenye presha usiku wa kwanza. Nilimwona mume wangu anawasha tochi ya simu, anaitafuta safu ya maoni, anaandika: "Changamoto."

Karibu saa sita ya usiku mtoto mchanga akaanza kulia juu ya bati.

Bibi ndiye aliyeamka wa kwanza. Akanigongea. "Mkwe, unamwachaje mtoto nje na mvua yote hii?" Nikamwonyesha watoto wetu wote wawili wamelala. Sauti ikalia tena, kwa uchungu, ikahama kutoka bati la jikoni kwenda bati la choo. Mzee akaja na taa yake ya kandili, akatueleza kuwa huyo ni komba tu, mnyama mdogo wa usiku, macho makubwa, hana ubaya. Kisha, akitaka kutuondoa hofu kabisa, akaongeza kuwa wanyama wabaya hapa walikuwa chui, na chui wenyewe siku hizi hawaonekani.

Wataalamu wengi wanaamini chui wa Unguja ameshatoweka. Vijijini kusini, hata hivyo, yako maelezo mengine, kwamba chui wale hawakuwa wanyama wa porini hasa. Walikuwa na wenyewe, watu waliowafuga kwa siri na kuwatuma kwa adui.

"Kwa hiyo msiwe na wasiwasi," Mzee akamalizia. "Chui wa hapa haji hovyo. Haji mpaka atumwe."

Afisa manunuzi ana orodha ndefu ya wazabuni walionyimwa zabuni, na baadhi yao ni watu wa pwani. Mume wangu hakutoka nje tena usiku mpaka tunaondoka.

Mvua ilipopumzika tulikwenda kuogelea. Tulipanda daladala hadi Paje, tukashuka na mataulo, maboya ya watoto na mpira, tukapita kati ya nyumba za matumbawe na minazi, tukatokeza ufukweni saa 4:00 kamili kama ilivyoandikwa. Bahari haikuwepo.

Sisemi maji yalikuwa machache. Palikuwa na mchanga mweupe, madimbwi, mitumbwi imelala ubavu, na mbali sana, kule mwambani, mstari mwembamba wa povu. Mwezi ulikuwa mpevu, na mwezi ukipevuka ni bamvua: maji hujaa mno na hupwa mno, na upande ule wa mashariki yakipwa hukimbilia mwambani. Mtoto yeyote wa Paje angetuambia hilo kwa kutazama mwezi wa jana yake. Kwa kawaida siku za bamvua asubuhi kama saa nne ndipo maji yanapokuwa yamekwenda, na yanarejea alasiri. Wenyeji huishi kwa hesabu hiyo. Sisi tulikuwa na karatasi.

"Mmeniambia tunakwenda kuiona bahari," Bibi akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Kati ya pale na povu kulikuwa na akina mama wameinama kwenye mistari ya kamba na vijiti, wanavuna mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara hapo Paje na jirani zake Jambiani mwaka 1989, na kwa muda mrefu ndicho kilichowapa wanawake wa kusini fedha yao wenyewe. Bibi hakuomba ruhusa kwa mtu. Akapandisha khanga, akaingia kwenye madimbwi, akawasalimu, na baada ya muda mfupi tukamwona ameketi kwenye mchanga mbichi katikati yao, kamba mapajani, anafundishwa kufunga mbegu. Alipofungua mdomo kueleza jinsi wanavyofunga vitita vya tumbaku kwao Tabora, wote wakaacha kazi wakamsikiliza.

Mume wangu aliamua kuifuata bahari iliko. Alikwenda na kaptula yake mpya na mwavuli, akawa mdogo, akawa mdogo zaidi, kisha tukaona mwavuli unaruka juu. Alikuwa amekanyaga kidude cheusi cha mwambani, kile chenye miiba mirefu inayoingia mguuni na kukatikia humohumo. Alirudi amebebwa na vijana wawili wa kuuza shanga, ambao njia nzima waliendelea kumtajia bei. Akina mama wa mwani walimtazama unyayo, wakasema dawa yake ni utomvu wa papai bichi, upakwe mpaka miiba ilainike.

Maji yalirudi alasiri, kwa kasi ambayo hakuna aliyetuonya. Watoto waliogelea muda wote uliotengewa ukimya. Baba yao alikaa kivulini na mguu wake juu ya begi, akiitazama bahari inajaa mpaka pale alipokuwa amekaa, ikabidi abebwe tena.

Tulipofika nyumbani Mzee alisikia habari ya miiba akatoka mara moja. Alivuka barabara, akapotea, akarejea na papai bichi mkononi. Bibi alilikata, akapaka utomvu, akafunga kitambaa. Nilimwona ametulia kidogo anatazama uani, kama mtu anayejumlisha kitu kichwani, lakini hakusema.

Basi hapo ndipo mkaa ulipoanza kupungua.

Bibi alikuwa amelitazama jiko la gesi la nyumba ile siku tulipofika na kulihukumu kuwa linachemsha, haliivishi. Ugali wake aliupikia kwenye kibanda cha nje, na alikuwa anaujua mkaa wake kwa idadi. Asubuhi moja alimwita Mzee kwa heshima zote.

"Mzee mwenzangu, huku kwenu mkaa ni wa shida sana?"

"Hata, Bi mkubwa. Kwani?"

"Naona wangu unatembea."

Mzee akaelewa. Wala hakukasirika. "Kima hao," akasema.

Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Amelea watoto saba na kusikia kila aina ya uongo.

"Kima wanapika nini?"

Kesho yake alfajiri alikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango, mjukuu pajani, akisubiri. Mimi nilisimama dirishani. Walikuja jua lilipochomoza, kutoka kwenye miembe, bila kelele: kima punju wenye migongo ya rangi ya kutu, mabega meusi, uso mweusi uliozungukwa na manywele meupe yaliyotimka. Mmoja, jike mwenye mtoto tumboni pake, alishuka mpaka kwenye kibanda. Kwenye meza kulikuwa na mkungu wa ndizi zilizoiva vizuri. Akazipita. Akaenda kwenye jiko lililopoa, akachambua vipande vya mkaa kimoja kimoja, akakinusa, akakitupa kimoja, akachagua kingine, akapanda nacho juu ya paa la kibanda, na tukasikia anatafuna, kra, kra, kra. Wenzake wakafuata, kila mmoja na kipande chake.

"Ndizi kaiacha," Bibi alinong'ona. "Kala mkaa."

"Bibi, tuwape asali?" mjukuu akauliza.

"Nyamaza, mume wangu. Hawa wana lao."

Lao tulielezwa na mwongozaji wa msitu siku tuliyokwenda Jozani. Kima punju wanaishi Unguja tu, ukiacha wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi kule Pemba, na hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 iliwakuta zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa. Chakula chao ni majani na matunda mabichi. Tumbo lao lina vyumba, na tunda lililoiva likiingia humo huchacha na kuwatesa. Kwa hiyo jike yule aliyezipita ndizi zetu hakuwa na dharau, alikuwa anajitunza. Wale wanaoishi pembezoni, karibu na mashamba, hula sana majani ya miembe na ya miti ya mikungu, ambayo yana kemikali zinazozuia chakula kusagika. Mkaa huzinasa kemikali hizo tumboni. Watafiti waliandika habari hiyo miaka ya 1990, ingawa naamini wapishi wa Jozani walikuwa wameshaijua kwa machungu.

Mwongozaji alisisitiza kwamba ni marufuku kuwalisha, na ndoo tuifunike tuweke na jiwe juu. Bibi alikubali. Lakini alikuwa na swali.

"Mkaa wa wapi wanaupenda zaidi?"

"Hilo sijui, Bibi. Nadhani hawachagui."

"Hawachagui? Mbona kwa Mzee hawaendi?"

Mzee anapikia gesi. Hilo halikumpunguzia Bibi ushindi hata kidogo, na katika msitu wote, huku tukitembea na maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, chini ya mitondoo inayodondosha matone makubwa shingoni, aliwaeleza wageni wa kundi letu kuwa mkaa wa bara una ladha yake. Wageni wawili kutoka Ujerumani wakaandika. Paa nunga, yule mnyama adimu ambaye mwongozaji alitupa matumaini ya kumwona, hakutokea. Sishangai; nisingetokea na mimi. Tulimaliza kwenye njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, binti yetu akashuka kidogo ili apigwe picha na kaa, na tope la pale likamrudishia mguu likabaki na ndala.

Mume wangu hakuwa nasi. Mguu haukumruhusu, na kwa mara ya kwanza tangu daktari aseme neno lake, alikuwa amebaki peke yake, nyumba kimya, hana la kusimamia. Alikuwa amenunua Paje kitanda cha kamba cha kuning'iniza, na asubuhi kabla hatujaondoka alikuwa anapima uani atakifunga wapi. Upande mmoja palikuwa na mwembe. Upande wa pili palikuwa na mpapai.

"Baba, mpapai ndani ni mtupu," binti alimwambia. Somo la biolojia analipenda.

"Umbali unalingana," baba akajibu, na alikuwa na futi mkononi kuthibitisha.

Yaliyofuata sikuyashuhudia. Nasimulia kama alivyoyasimulia Mzee, ambaye alikuwa anapalilia mihogo yake jirani na hapo. Anasema bwana alipanda vizuri. Alijilaza, akaweka kofia usoni, akashusha pumzi ndefu, na Mzee akafurahi, akajisemea moyoni, huyu mtu sasa amepumzika. Mpapai haukukatika ghafla. Uliinama kwanza, polepole, kama mtu mwenye adabu anayetaka kukunong'oneza jambo sikioni. Bwana aliteremka nao hadi chini bila kuamka. Aliamka shina lilipokatika na shada la majani likamfunika mzima mzima.

"Alisema neno gani?" nikamuuliza Mzee.

"Aliuliza saa ngapi."

Tulipomkuta alikuwa amekaa barazani, utomvu nywelani, ratiba imelowa na kukaukia kwenye ukuta. Hakusema kitu. Bibi alimletea chai ya tangawizi, akamfuta kichwa kwa pembe ya khanga kama alivyokuwa akimfanyia akiwa mtoto, akamwambia, "Baba, lala." Akalala palepale kwenye mkeka, saa tisa alasiri, muda ambao kwenye karatasi ulikuwa wa michezo ya familia. Hakuna aliyemwamsha. Nilichukua kiti nikakaa karibu yake kutazama mvua, na kwa kuwa mhusika wa chakula cha usiku alikuwa mimi, siku hiyo tulikula ndizi zile zilizokataliwa na kima.

Asubuhi ya kuondoka Mzee alikuja amevaa kanzu na kofia ya viua. Mavazi hayo yalinitosha kujua kuna jambo rasmi. Akakohoa.

"Mwenye nyumba kanipigia kutoka mjini. Habari ya mpapai imemfikia. Anasema shilingi 30,000."

Mume wangu akaamka kabisa. Aliuliza hiyo 30,000 imepatikanaje. Aliuliza kama zipo bei tatu za mpapai. Aliuliza kuhusu risiti. Mzee akamjibu kwa upole kuwa mpapai hauna risiti, naye akasema matumizi yasiyo na risiti hawezi kuyapitisha, na nikaanza kuuona ule mshipa wa shingoni ambao ndio uliotupeleka kwa daktari.

Bibi alikuwa amekalia ndoo yake iliyogeuzwa, tupu sasa, mkaa wote umekwisha, sehemu kwa ugali na sehemu kwa kima. Akanyanyua mkono. Mwanawe akanyamaza.

"Mzee mwenzangu. Siku mwanangu alipochomwa miiba, papai ulilitoa wapi?"

"Kwa jirani, Bi mkubwa. Ng'ambo ya barabara."

"Ukavuka na mvua."

"Nikavuka."

"Na mpapai wako ulikuwa hapa, hatua tano."

Mzee akakitazama kisiki.

"Maua yake yalikuwa yananing'inia vishada virefu," Bibi akaendelea. "Nimeyafagia mwenyewe kila asubuhi tangu tufike. Mpapai wa maua yale hauzai. Ni dume."

"Dume ni kweli," Mzee akakubali. "Lakini ulikuwa na kivuli chake."

"Kivuli cha mpapai?"

"Kidogo."

"Basi tutalipa kivuli kidogo."

Akainuka, akaichukua chupa ya asali, iliyokuwa imebaki nusu, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mzee aliifungua, akachovya kidole, akaonja, akafumba macho. Mvua ilinyesha, ikakatika. Alipoyafumbua alisema mwenye nyumba atazungumza naye yeye mwenyewe, tusiwe na wasiwasi wowote. Kisha, tukiwa tunapakia mizigo, akamvuta Bibi kando mpaka nyuma ya kisima na kumwonyesha: pale upo mpapai mwingine, dume vilevile, umesimama umbali mzuri na mfenesi, na Novemba, vuli ikianza, nyumba huwa haina mtu.